Somo la Kompyuta: Tujifunze Kuandika Programu kwa Kazi Ndogo Ndogo

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wale wanaopenda kompyuta ni hili: nianzie wapi ili na mimi niweze kuandika programu? Wengi wa wanaouliza wameshaanza, kisha wakakwama. Wamesoma kurasa sitini za kitabu, au wametazama masomo ya video moja baada ya jingine, wakachapa kila kilichochapwa na mwalimu, na programu zikafanya kazi vizuri. Lakini wakifunga kitabu na kufungua ukurasa mweupe, hawajui hata mstari wa kwanza uandikweje. Hapo ndipo huanza kusema kuwa labda elimu hii ni ya watu wenye vichwa vyao maalumu.

Sivyo. Mtu anaweza kukaa barazani mwezi mzima akimtazama mwenzake akishona kofia, akajua kila tundu linavyozungushwa, na bado siku akipewa sindano akajichoma kidole. Kutazama ni kutazama na kushona ni kushona. Kwa hiyo katika somo hili hatutafundisha lugha ya kompyuta kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwani kurasa hizi hazitoshi na vitabu vipo. Tutaonyesha njia ya kujifunzia, nayo ni kufanya kazi ndogo ndogo zilizokamilika.

Tunaposema kazi ndogo tunakusudia programu yenye sifa tatu. Kwanza, iwe fupi, mistari mitatu hadi ishirini. Pili, iweze kumalizika katika kikao kimoja, baina ya Magharibi na Isha ukipenda, au baada ya hapo kidogo. Tatu, jibu lake uwe unaweza kulipata wewe mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Sifa hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi, na ndiyo tutakayoishikilia zaidi, kwa sababu ambayo mtaiona tukifika kwenye mirathi.

Programu ni nini hasa?

Programu ni orodha ya amri zilizopangwa kwa utaratibu, ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya moja bila kuongeza wala kupunguza. Utaratibu wenyewe wa kufikia jibu, hatua kwa hatua, huitwa algorithimu, na neno hili linatokana na jina la mwanachuoni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Walatini walipofasiri maandishi yake ya hesabu walilitamka jina lake kwa ndimi zao, likazaa neno hilo. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa aljebra jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Basi mwanafunzi wa madrasa anayejifunza kuandika programu ya kugawa mirathi hajatoka nje ya njia ya wazee wa fani hii.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kompyuta hutii ulichoandika, na ulichokusudia haikijui. Ukimwambia mdogo wako "nenda dukani ukanunue mkate, na kama kuna mayai nunua sita", ataleta mkate mmoja na mayai sita. Kompyuta inaweza kukuletea mikate sita, na kwa mujibu wa maneno yako haina kosa.

Vifaa

Tutatumia lugha ya Python, iliyotungwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Tumeichagua kwa sababu ni ya bure, maandishi yake ni machache, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti kufanya kazi. Zipo pia programu za bure za kuiendesha kwenye simu za Android, ingawa kuchapa alama za mabano kwa kidole gumba kunachosha. Tahadhari moja kwa wanaotumia vitabu vya zamani: Python ya namba 2 ilifikia mwisho wake tarehe 1 Januari 2020, na mifano yake mingi haikubali kwenye Python ya namba 3 inayotumika sasa. Ukiona kitabu kinaandika neno print bila mabano mbele yake, jua ni cha enzi hizo, kiweke pembeni.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Programu ya mistari mitano inaweza kuandikwa kwenye daftari na kufuatwa kwa kidole, mstari kwa mstari, ukiandika pembeni kila kinachobadilika. Hata wenye kompyuta tunawashauri wafanye hivyo. Na pale ambapo kompyuta ni moja na wanafunzi ni watatu, msigombee kiti: mmoja achape, mmoja asome kwa sauti, na wa tatu ashike daftari lenye majibu yaliyopigwa kwa mkono. Kisha mbadilishane. Kwa uzoefu wetu mwenye daftari ndiye anayegundua makosa mengi kuliko wenzake.

Kazi ya kwanza: kujumlisha

Andika mistari hii mitatu kisha uiendeshe:

    a = input("Namba ya kwanza: ")
    b = input("Namba ya pili: ")
    print(a + b)

Neno input huuliza na kungoja jibu, na print huandika kwenye skrini. Herufi a na b ni kama masanduku yenye majina; alama ya = hapa maana yake ni "weka kilicho upande wa kulia ndani ya sanduku la kushoto", si "ni sawa na" kama katika hesabu za darasani.

Sasa ingiza 2, kisha 3. Jibu ni 23. Msishangae. Kila kinachochapwa kwenye kibodi hupokelewa kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa huunganishwa tu, kama mtu anayebandika karatasi mbili. Ili yawe namba, zungushia neno int: a = int(input("Namba ya kwanza: ")), na b vivyo hivyo. Endesha tena, utapata 5.

Angalieni kuwa programu ya kwanza haikulalamika hata kidogo. Ilitoa 23 kwa utulivu uleule iliotoa 5. Makosa ya kompyuta ni ya aina mbili. La kwanza ni lile ambalo kompyuta yenyewe hukataa: umesahau mabano, umesahau nukta mbili, umeandika prnit badala ya print. Hapo huandika ujumbe mrefu kwa Kiingereza, na wanaoanza huogopa na kuufuta. Usiufute. Soma mstari wake wa mwisho, ambao hutaja aina ya kosa, kisha tafuta namba ya mstari iliyotajwa. Ikiwa ni NameError, kuna jina ambalo kompyuta hailitambui, na mara nyingi umekosea herufi. Ikiwa ni SyntaxError, muundo wa maandishi una kasoro, na mara nyingine kasoro hiyo iko mstari wa juu yake. Ikiwa ni ValueError, huenda uliombwa namba ukaandika "saba" kwa maneno. Haya ni makosa ya heri kwa kuwa yanajitangaza. Aina ya pili ni ile ya 23: kosa lisilosema kitu. Hilo haliwezi kugunduliwa na mtu asiyejua jibu sahihi kabla.

Kazi ya pili: saa ya Kiswahili

Hii ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote kwa anayeanza, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua jibu bila kufikiri. Simu zetu huonyesha saa kwa mtindo wa saa 24. Sisi husema saa moja asubuhi pale simu inapoonyesha 7. Tunataka programu ipokee saa ya simu na kutoa saa ya Kiswahili. Dakika tuziache, hazibadiliki.

Kabla ya kugusa kibodi, chukua daftari uandike safu mbili. Saa ya simu 7, jibu 1. Saa 9, jibu 3. Saa 13, jibu 7. Endelea mpaka ufikie zote kuanzia 0 hadi 23. Ndiyo, zote ishirini na nne. Haichukui dakika tano.

Wanafunzi wengi huona haraka kuwa ni kutoa sita:

    saa = int(input("Saa ya simu: "))
    jibu = saa - 6
    print("Ni saa", jibu)

Jaribu 7, inatoa 1. Jaribu 9, inatoa 3. Jaribu 13, inatoa 7. Wengine hufunga kompyuta hapa na kwenda kulala wakiwa na furaha. Lakini mwenye daftari aseme: tujaribu 19. Programu inasema "Ni saa 13", na hakuna saa kumi na tatu katika Kiswahili. Tujaribu 5, wakati watu wanaamka kuswali Alfajiri. Programu inasema "Ni saa -1". Saa 6 inatoa sifuri, na saa 0, yaani usiku wa manane, inatoa -6.

Tazameni jambo hili kwa makini. Mwanafunzi alijaribu saa tatu, zote zikakubali, na zote zilikuwa za mchana. Mtu hujaribu programu yake kwa mifano aliyokuwa nayo kichwani alipokuwa akiiandika, na hiyo ndiyo mifano isiyoweza kumwonyesha kosa. Ndiyo maana tukasema uandike safu zote ishirini na nne kabla.

Dawa yake ni baki. Mlipokuwa shule ya msingi mlifundishwa kuwa 19 gawanya kwa 12 ni 1 baki 7. Katika Python baki hupatikana kwa alama ya asilimia, %, ambayo hapa haihusiani na asilimia. Saa huzunguka, na kila kinachozunguka, kama siku za juma au miezi, huhesabiwa kwa baki. Badili mstari wa pili uwe:

    jibu = (saa - 6) % 12

Sasa 19 inatoa 1, sawa. Saa 5 inatoa 11, yaani saa kumi na moja alfajiri, sawa. Saa 0 inatoa 6, sawa. Imebaki saa 6 na saa 18, ambazo zinatoa 0 badala ya 12, kwa sababu baki ya kugawa kwa 12 haiwezi kuwa 12. Hapa tunahitaji sharti:

    if jibu == 0:
        jibu = 12

Neno if ni "ikiwa". Alama mbili za == ndizo zinazouliza "je, ni sawa?", tofauti na = moja inayoweka kitu sandukuni. Mstari wa pili umesogezwa ndani kwa nafasi nne, na msogeo huo si pambo: ndio unaoiambia Python kuwa amri hii iko chini ya sharti. Weka mistari hii miwili kabla ya print, kisha pitia safu zote za daftari. Zikikubali zote ishirini na nne, kazi imekwisha, na umejifunza masanduku, baki, sharti na msogeo kwa jioni moja.

Kwa wale watakaohamia lugha nyingine baadaye, tuseme kwa kupita tu: lugha ya C na Java hutoa jibu tofauti kwa baki ya namba hasi, hivyo huko saa 5 itawapa -1 tena. Anayeandika (saa + 6) % 12 hukwepa tatizo hilo pote. Fikirini ni kwa nini kujumlisha sita na kutoa sita kunaleta jibu moja.

Je, mtu akiingiza 25? Programu itasema ni saa saba. Hakuna saa 25, lakini nani aliiambia? Mwongeze sharti mwenyewe. Kisha, mkitaka kubishana kidogo, mwongeze maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Mtagundua kuwa kila mmoja ana mpaka wake wa mchana na jioni, na kwamba kompyuta haitawasaidia kuamua. Itawalazimisha mwamue, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mchezo wa kukisia

Baada ya kazi inayochosha kichwa ni vizuri kucheza. Programu hii inaficha namba baina ya 1 na 100 nawe unaikisia:

    import random
    siri = random.randint(1, 100)
    kisio = 0
    while kisio != siri:
        kisio = int(input("Kisia: "))
        if kisio < siri:
            print("Panda")
        elif kisio > siri:
            print("Shuka")
    print("Umepata!")

Jipya hapa ni while, yaani "madamu", ambalo hurudia amri zilizo chini yake maadamu sharti ni kweli, alama!= maana yake "si sawa na". Mchezaji anayekisia katikati kila mara, 50 kwanza, kisha 25 au 75, na kuendelea hivyo, hahitaji zaidi ya visio saba. Mwongeze sanduku la kuhesabu visio mthibitishe.

Zaka, na mpaka wa nisabu

Sasa tuingie katika hesabu yenye haki za watu ndani yake. Tuchukue zaka ya fedha taslimu, ambayo ni sehemu moja ya arubaini, mali ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo. Wanavyuoni wengi wa sasa hukadiria nisabu ya dhahabu kuwa gramu 85.

    mali = int(input("Mali ni shilingi ngapi? "))
    bei = int(input("Bei ya gramu moja ya dhahabu? "))
    nisabu = 85 * bei
    if mali >= nisabu:
        print("Zaka ni shilingi", mali / 40)
    else:
        print("Mali haijafika nisabu")

Bei ya dhahabu hupanda na kushuka, kwa hiyo tumeifanya programu iulize, badala ya kuifunga ndani yake. Mtu aliyeifunga bei ya mwaka juzi ndani ya programu amewaandikia watu hukumu ya mwaka juzi.

Tuseme, kwa mfano tu, bei ni shilingi 200,000. Nisabu ni 17,000,000. Jaribu mali ya 10,000,000, jaribu 20,000,000, zote sawa. Lakini jaribio lenye thamani ni la 17,000,000 kamili. Aliyeandika > peke yake badala ya >= ataambiwa mali haijafika, na ilhali imefika. Makosa ya masharti hukaa mpakani. Kila mnapoandika if, jaribuni mpaka wenyewe, kilicho chini yake kwa moja na kilicho juu yake kwa moja.

Jibu litaandikwa 425000.0, kwa sababu alama / daima huleta jibu lenye desimali. Kuna wanaopenda kuandika // ili desimali iondoke. Inaondoka kweli, lakini inaondoka na kila kilichobaki baada ya shilingi nzima, bila kukadiria kwenda juu. Ni kidogo, tunakubali, lakini ni cha mwenyewe. Afadhali desimali ikae ionekane na mlipaji aamue.

Na muangalie yale ambayo programu haikuuliza: madeni, na kama mwaka umetimia. Mtu akiiona inatoa jibu zuri kwenye skrini ataiamini. Ama muongeze maswali hayo baada ya kuyathibitisha kwa mwalimu wenu wa fiqhi, ama muandike wazi kwenye skrini kwamba programu hii haihesabu madeni.

Mirathi: pale kompyuta inapogawa kisichokuwepo

Tumefika mahali tulipokuwa tukielekea. Mwanamke amefariki na warithi wake ni watatu tu: mume, na dada zake wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Ameacha shilingi 4,200,000. Mwanafunzi anayejua Python na amesikia kuwa mume asipokuwapo mtoto hupata nusu, na dada wawili hupata theluthi mbili, ataandika hivi:

    mali = 4200000
    mume = mali / 2
    dada = mali * 2 / 3
    print(mume, dada)

Ukiiendesha, skrini inaonyesha 2100000.0 na 2800000.0. Hakuna ujumbe wa kosa. Namba ni safi, na kila moja peke yake ni sahihi. Zijumlishe kwa mkono: 4,900,000. Kompyuta imegawa shilingi 700,000 ambazo marehemu hakuziacha.

Fikirini mambo yatakavyokuwa nyumbani kwa watu. Mume akifika wa kwanza akachukua milioni mbili na laki moja yake "kwa mujibu wa kompyuta", wale dada wawili watabaki na milioni mbili na laki moja badala ya milioni mbili na laki nane walizoahidiwa na skrini ileile. Kila upande una karatasi iliyochapwa mkononi. Ugomvi wa namna hiyo huvunja udugu.

Wanafunzi wa Faraidhi wameshatambua: hii ni mas'ala ya aul, ambapo mafungu yanazidi asili ya mas'ala. Asili hapa ni 6. Mume ana mafungu 3, dada wana 4, jumla ni 7. Wanavyuoni wa madhehebu nne hupandisha asili kutoka 6 hadi 7, na upungufu ukamgusa kila mmoja kwa kiasi cha fungu lake. Programu iandikwe hivyo hivyo, kwa mafungu ya namba nzima:

    mali = 4200000
    mume = 3
    dada = 4
    asili = 6
    mafungu = mume + dada
    if mafungu > asili:
        asili = mafungu
    print(mali * mume / asili, mali * dada / asili)

Sasa mume anapata 1,800,000 na dada wawili 2,400,000, kila mmoja 1,200,000. Jumla ni 4,200,000, hazikuzidi wala hazikupungua.

Tumetumia mafungu ya namba nzima kwa makusudi. Kompyuta huhifadhi desimali kwa kukadiria, andika print(0.1 + 0.2) nawe utaona 0.30000000000000004. Ukiuliza kama nusu, theluthi na sudusi zilizoandikwa kwa desimali zimelingana na mali yote, unaweza kujibiwa hapana kwa tofauti isiyoonekana kwa macho. Wazee wa Faraidhi walihesabu kwa mafungu mazima karne nyingi kabla ya kompyuta, na njia yao ndiyo inayofaa kompyuta pia.

Aliyeokoa programu hii alikuwa mjuzi wa Faraidhi, wala hakuhitaji kujua Python nyingi. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema mwanafunzi aache kwanza masomo yake mengine ili "akazane na kompyuta". Programu hupata akili yake kutoka kwa anayejua jambo lenyewe. Mwana wa mvuvi ataandika programu nzuri ya mahesabu ya samaki, na binti wa mshonaji ataandika ya vipimo vya vitambaa, kwa sababu wao watajua jibu likiwa la ajabu.

Hili linahusu pia programu za akili unde, ambazo wengine huziita akili mnemba. Siku hizi ukiziomba zitakuandikia programu ya mirathi kwa sekunde chache. Hatuwakatazi kuzitumia. Zinafaa sana kumweleza anayeanza maana ya ujumbe wa kosa asiouelewa. Lakini kwa kazi hizi za mwanzo andikeni wenyewe, kwani anayeandikiwa saa ya Kiswahili hajifunzi kwa nini saa 6 ilitoa sifuri. Na hata mtakapokuwa mabingwa, programu mliyoandikiwa ipimeni kwa daftari kama mnavyopima ya kwenu: ipeni mume na dada wawili, kisha jumlisheni kwa mkono.

Mazoezi ya likizo

La kwanza. Andika programu inayopokea namba na kusema kama ni shufwa au witiri. Jaribu 0 na namba hasi pia.

La pili. Pokea siku ya leo kama namba, Jumamosi ikiwa 1 na Ijumaa ikiwa 7, pamoja na idadi ya siku zijazo, kisha toa siku itakayofika. Majibu ya kukagulia: leo 1 na siku 7 zijazo ni 1, leo 7 na siku 1 ijayo ni 1, leo 6 na siku 1 ijayo ni 7. Hili la mwisho ndilo litakalowasumbua.

La tatu. Marehemu ameacha mama na binti mmoja tu. Mama ana sudusi, binti ana nusu. Asili ni 6, mafungu ni 1 na 3. Endesha programu ya mirathi kwa mafungu haya na mali ya shilingi 1,200,000. Itagawa 200,000 na 600,000, na itanyamaza kuhusu 400,000 zilizobaki. Kabla ya kuandika mstari wowote wa kurekebisha, mwendeeni mwalimu wa Faraidhi mumuulize zinakwenda wapi, kisha mje na jibu lake kwenye daftari.